Kofia 16 za Ivor Jones: kwa nini fowadi hodari wa raga wa Wales alicheza mechi chache hivyo

Swali la msomaji: Nimesoma kwamba Ivor Jones wa klabu ya Llanelli aliitwa mfalme na watu wa New Zealand alipokwenda ziara huko mwaka 1930. Lakini nikitazama rekodi, naona aliichezea Wales mara 16 tu (kila mechi huhesabiwa kofia moja), na baada ya ziara ile hakuitwa tena. Alun Wyn Jones ana mechi 158. Je, sifa za huyu mzee zilitiwa chumvi? Na fowadi wa zama zile alikuwa akifanya kazi gani hasa uwanjani?

Jibu: Hazikutiwa chumvi. Tatizo ni kwamba unapima nguo ya juzi kwa futi ya leo. Tuanze na hesabu, kisha tuingie kwenye skramu, yaani ule msukumano wa mafowadi wanane wa kila timu wakigombea mpira.

Tahadhari moja ya lugha kwanza. Kwa Kiswahili tumezoea kusema Uingereza tukimaanisha dola nzima, lakini kwenye raga England, Wales na Scotland ni timu mbali mbali. Hapa nitasema England ninapomaanisha England, la sivyo tutafika mahali Uingereza inacheza dhidi ya Uingereza.

Kati ya vita viwili vikuu, Wales ilikuwa na mechi nne za uhakika kwa msimu: England, Scotland, Ireland na Ufaransa. Basi. Wageni wa kutoka mbali walipita kwa nadra kama mvua ya jangwani: New Zealand Novemba 1924, New South Wales 1927, Afrika Kusini Desemba 1931, New Zealand tena Desemba 1935. Na baada ya msimu wa 1931 hata Ufaransa ilitengwa, kwa madai kwamba klabu zake zilikuwa zinalipa wachezaji kwa siri na kwamba ligi yao imejaa ukatili. Kuanzia hapo hadi vita vya 1939, mechi za kawaida zikabaki tatu kwa mwaka.

Ivor Jones alivaa jezi nyekundu kwa mara ya kwanza Januari 1924, Wales ilipofungwa na England 17-9 huko Swansea, na mara ya mwisho mwanzoni mwa 1930. Hiyo ni misimu saba. Saba mara nne ni 28. Ongeza New Zealand na New South Wales, unapata 30. Kwa hiyo alicheza zaidi kidogo ya nusu ya mechi zote ambazo binadamu yeyote angeweza kuichezea Wales katika muda huo. Alun Wyn Jones alidumu tangu 2006 hadi 2023, katika kalenda ambayo timu hucheza mara kumi au zaidi kwa mwaka. Kwa mwendo wa mechi nne kwa msimu, zile 158 zingemchukua karibu miaka 40. Angestaafu akiwa na wajukuu.

Sasa zile nyingine 14 zilikwenda wapi? Jibu ni wateuzi. Wales haikuwa na kocha wa taifa hadi 1967. Timu ilichaguliwa na kamati, na kamati ilikuwa na mivutano yake: magharibi kuna Llanelli na Swansea, mashariki kuna Cardiff na Newport, na kila upande una mtu wake. Mwaka 1924 kazi ilikabidhiwa wateuzi watano, wale walioitwa Watano Wakubwa, ili kupunguza zogo. Zogo halikwisha. Matokeo ya muongo ule yalikuwa mabaya, na matokeo mabaya humfanya mteuzi awe na mkono mwepesi. Februari 1924 Scotland iliichapa Wales 35-10 Edinburgh. Ivor Jones hakuonekana tena katika jezi ya taifa hadi 1927. Alikuwa mzima, na Llanelli walikuwa wanamtegemea. Aliachwa tu, kama walivyoachwa wengi: mtu anacheza mechi mbili, timu inapigwa, fagio linapita, anayekuja naye anapewa mechi mbili. Fowadi hasa ndiye aliyeumia na mtindo huu, kwa sababu kazi yake haionekani ukiwa jukwaani. Winga akifunga, uwanja mzima umemwona. Mtu aliyesukuma mstari wa pili wa skramu kwa dakika 80 anajulikana na wenzake wawili aliowashika mabegani.

Hapa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Skramu ya Wales ya miaka ya 1920 ilipangwa 3-2-3: watatu mbele, wawili katikati, watatu nyuma. New Zealand wao walitumia saba kwa mpangilio wa 2-3-2, na mtu wa nane alisimama nje ya skramu akiingiza mpira na kumkinga skramu-hafu wake, yule anayeuokota mpira ukitoka kwenye skramu. Huyo wa nje ndiye aliyezusha ugomvi mkubwa katika ziara ya 1930. Msimamizi wa msafara wa Visiwa vya Uingereza (timu ya pamoja ya England, Wales, Scotland na Ireland) alimwona kama mtu anayezuia wapinzani makusudi. Muda si mrefu sheria zikabadilishwa, mstari wa mbele ukalazimika kuwa na watu watatu, na mtindo huo ukazikwa. Afrika Kusini walikuja 1931 na mpangilio mwingine, 3-4-1, ambao kwa kweli ndio skramu ya leo: wawili wa pembeni wanajifunga kwenye mstari wa pili, na nyuma anabaki nambari nane peke yake. Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani alikuwa "mstari wa nyuma" mwaka 1928, usimwone moja kwa moja kama flanka wa leo, yaani mmoja wa wale wawili wa pembeni. Alikuwa mmoja wa watatu waliosimama sambamba nyuma kabisa.

Ivor Jones alikuwa fowadi wa pembeni katika huo mstari wa nyuma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumharibia siku flai-hafu wa upande wa pili, yule anayepokea mpira kutoka kwa skramu-hafu na kuanzisha mashambulizi. Na sheria ilimpa mwanya ambao flanka wa sasa angeulilia: mstari wa kuotea kwenye skramu ulikuwa mpira wenyewe. Leo ukijitoa kwenye skramu sharti urudi nyuma ya miguu ya mwisho ya wenzako. Wakati ule ulitakiwa tu usiutangulie mpira. Hivyo mpira ukirudishwa kwa visigino ndani ya skramu ya adui, fowadi wa pembeni alikuwa anateleza nao bega kwa bega, upande wa pili, na ulipotoka kwenda kwa flai-hafu yeye alikuwa hatua mbili tatu tu kutoka kwake.

Ugumu uko kwenye kuhesabu muda. Ukiachia mapema, skramu inapoteza msukumo wako na wenzako saba wanarudishwa nyuma. Ukichelewa nusu sekunde, flai-hafu ameshapitisha mpira na wewe unakimbiza mgongo. Ukiutangulia mpira kwa hatua moja, ni penalti, na penalti ilikuwa pointi tatu, sawasawa na trai nzima (bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui) ya wakati huo. Kwa hiyo mtu alitakiwa kuusikia mpira zaidi ya kuuona, kwa kuhisi mwili wa aliye mbele yake unavyolegea huka (fowadi wa kati wa mstari wa mbele, anayeuvuta mpira kwa mguu) anapoushinda. Fowadi mwenye hisia hiyo hapatikani kwa kunyanyua vyuma.

Kazi ya pili imepotea kabisa kwenye raga ya leo, na bila kuijua huwezi kuelewa ripoti za magazeti ya zama hizo: kuuswaga mpira kwa miguu. Sheria ilisema mchezaji akikabwa chini, mpira sharti uguswe kwanza kwa mguu kabla mtu hajaushika kwa mikono. Fikiria maana yake. Mtu ameanguka na mpira, mafowadi wanafika, hawaruhusiwi kuunyakua. Basi wanaupiga mateke mafupi mbele, watatu au wanne wakienda sambamba, na safari imeanza. Mpira ni wa ngozi, umeshonwa kwa kamba, ukilowa unakuwa mzito na kuteleza kama samaki. Una umbo la yai, kwa hiyo hauviringiki ulikotumwa. Fundi aliugusa kwa ugoko na juu ya kiatu, ukabaki chini ya magoti yake, kisha akaupasia mwenzake kwa ubavu wa mguu. Akiupiga zaidi ya mita mbili mbele, umekwisha: fulbeki, yule beki wa mwisho kabisa, anaruka na kuulalia.

Na huko kuulalia ndiko kulikompima mtu roho. Beki alijitupa juu ya mpira, mgongo ukiwaelekea mafowadi wanaokuja na viatu vya ngozi vyenye meno yaliyopigwa misumari, akaomba Mungu.

Laini-auti, yaani mpira wa kurushwa kati ya mistari miwili ya mafowadi baada ya kutoka nje, nayo haikuwa na kunyanyuana. Kila mmoja aliruka kwa miguu yake mwenyewe, huku akisukumwa viwiko mbavuni. Na kwa kuwa mpira ulipigwa nje moja kwa moja kutoka popote uwanjani na laini-auti ikawekwa ulipotokea, mechi ya siku ya tope ilijaa laini-auti na skramu, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana matokeo ya aina ya 3-0 na 6-3 ni mengi. Trai pointi tatu, mkwaju wa nyongeza mbili, penalti tatu, dropu (mpira uliodondoshwa na kupigwa golini mchezo ukiendelea) nne. Ukikuta matokeo yasiyoingia akilini, rudi kwenye hesabu hiyo. Ushindi wa Wales wa 7-3 Twickenham Januari 1933, wa kwanza katika uwanja ule tangu uanze kutumika kwa mechi za kimataifa 1910, ulikuwa trai moja na dropu moja, vyote vya winga Ronnie Boon. Leo ungesomeka 8-5.

Sasa twende Dunedin, maana ndiko sifa ya Ivor Jones ilikozaliwa. Msafara wa Visiwa vya Uingereza, ambao siku hizi tunauita Lions (hao hao ambao mwaka 1955 walipita Nairobi na kuichapa timu ya Afrika Mashariki 39-12), ulisafiri kwa meli 1930 chini ya nahodha Doug Prentice. Walicheza majaribio (ndivyo zinavyoitwa mechi kamili za kimataifa) manne dhidi ya New Zealand na moja dhidi ya Australia, na Ivor Jones alikuwamo katika yote matano. Jezi za wageni zilikuwa za buluu nzito, kwa hiyo wenyeji wakalazimika kuvaa nyeupe ili refa asichanganyikiwe. All Blacks, yaani Weusi Watupu, kama timu ya New Zealand inavyoitwa, waliovaa nyeupe.

Tarehe 21 Juni, uwanja wa Carisbrook, zimebaki dakika za mwisho na matokeo ni 3-3. New Zealand wamewabana wageni karibu na mstari wa trai. Mpira unapotea mikononi mwa wenyeji na Ivor Jones anaunyakua ndani ya robo yake mwenyewe. Kwa kanuni za wakati ule, fowadi aliye pale angepiga nje, akahema. Yeye anakimbia. Anakaribia katikati, na mbele yake anabaki George Nepia, fulbeki ambaye tangu 1924 watu wa Wales walilijua jina lake kama watoto wanavyolijua jina la simba. Kosa la kawaida hapa ni kutoa pasi mapema: fulbeki anageuka, anamfuata aliyepokea, ameokoa. Ivor Jones alisubiri hadi Nepia ajifunge kumkaba, ndipo akaupeleka kwa Jack Morley, winga wa Newport aliyekuwa akimfuata pembeni. Morley alikuwa bado na nusu ya uwanja ya kukimbia. Alifika. 6-3.

Majaribio matatu yaliyofuata New Zealand walishinda, 13-10, 15-10 na 22-8, na Australia wakashinda 6-5. Kwa hiyo ile ya Dunedin ndiyo pekee waliyoshinda, na fowadi ndiye aliyeifungua. Heshima aliyopewa kule haikuwa ya bure.

Kwa nini basi akirudi nyumbani asiitwe? Aliporudi alikuwa anakaribia kutimiza miaka 29, amecheza miezi mingi mfululizo. Wateuzi walikuwa na wengine mkononi, na hao wengine wakashinda. Mwaka 1931 Wales ilitoka sare 11-11 na England Twickenham, ikaifunga Scotland 13-8, Ufaransa 35-3 na Ireland 15-3, ikatwaa ubingwa wa kwanza tangu 1922. Timu inayoshinda haivunjwi. Kwa maoni yangu walikosea hata hivyo: mtu aliyecheza majaribio matano mfululizo dhidi ya mafowadi wa New Zealand na Australia alikuwa na elimu ambayo ni wachache tu Wales waliokuwa nayo kwa wingi huo, na Afrika Kusini walipokuja Desemba ile, Wales ikafungwa 8-3 katika tope la Swansea. Lakini sikubaliani na wanaodhani ni njama. Ndivyo mashine ile ilivyofanya kazi. Mtazame Watcyn Thomas, nambari nane aliyekuwa nahodha siku ile ya Twickenham 1933. Alikuwa mtu wa kusema wazi, akakwaruzana na wateuzi juu ya nani acheze wapi kwenye skramu, na msimu huo huo wa ushindi wa kihistoria ukawa wake wa mwisho. Kofia 14. Archie Skym, propu (mtu wa mstari wa mbele wa skramu) wa kutegemewa aliyedumu 1928 hadi 1935, aliishia 20, na hizo zilikuwa nyingi mno.

Lipo pia suala la mwili. Hakukuwa na mchezaji wa akiba. Ruhusa hiyo ilikuja 1968. Ukiumia, ama unabaki uwanjani ama wenzako wanapungua. Katika ile mechi ya Scotland ya 1931, Watcyn Thomas alivunjika mtulinga, akaendelea kucheza, na akafunga trai akiwa hivyo hivyo. Tunasimulia kama ushujaa, na ni ushujaa, lakini pia ni sheria mbaya: angetoka, Wales ingebaki na skramu ya watu saba dhidi ya wanane. Desemba 1935 huko Cardiff, huka Don Tarr alivunjika shingo zikiwa zimebaki dakika kama kumi hivi. Wales, wakiwa 14, waliishinda New Zealand 13-12. Tarr alipona, ila kofia yake ilibaki moja.

Na lipo suala la riziki, ambalo ndilo lililokata maisha ya mafowadi wengi kuliko mifupa. Raga hii haikulipa hata senti. Ulipata nauli, chakula, na kofia yenyewe ya kitambaa mara ya kwanza ulipoitwa. Tunaposema "kofia 16" tunahesabu mechi, si kofia kabatini. Wakati huo huo bonde kwa bonde Wales ya kusini ilikuwa inafunga milango: wachimba makaa walifungiwa kazi tangu Mei 1926 hadi karibu mwisho wa mwaka, viwanda vya chuma vya Ebbw Vale vikasimama 1929, na watu wakahama kwa malaki. Kaskazini mwa England kulikuwa na raga ya wachezaji 13, iliyolipa. Jim Sullivan, kijana wa miaka 17 kutoka Cardiff, alipewa pauni 750 na Wigan mwaka 1921. Kwa mtoto wa mchimba makaa hiyo ilikuwa nyumba na duka. Ila ukitia sahihi, mlango wa timu ya taifa umefungwa maisha yako yote, na hata klabu yako ya zamani haikuruhusiwa kukupanga. Jack Morley, yule yule aliyepokea pasi ya Dunedin, alikwenda Wigan 1932. Fowadi Arthur Lemon wa Neath alikwenda St Helens 1933. Waliobaki mara nyingi ni wale waliopata kazi isiyoyumba: Skym alitoka mgodini akawa polisi Cardiff, Thomas alikuwa mwalimu. Ukitaka kujua kwa nini fowadi fulani wa Wales anakatika ghafla kwenye orodha akiwa na miaka 25, angalia kwanza orodha za klabu za kaskazini kabla ya kumlaumu mteuzi.

Utakapoendelea kupekua rekodi, utakutana na mitego mitatu. Magazeti ya wakati ule yaliandika mafowadi wanane kwa mkupuo bila kutaja nafasi, kwa hiyo "propu" au "loku" (mtu wa mstari wa pili) unayoiona leo mara nyingi ilibandikwa baadaye. Majina ni machache na watu ni wengi: usimtafute Jones bila klabu na herufi zake za kwanza. Na usilinganishe idadi ya mechi za taifa pekee. Fowadi wa zama zile alijengwa na klabu, na Ivor Jones aliiongoza Llanelli kama nahodha kwa misimu kadhaa, akaendelea kuichezea muda mrefu baada ya Wales kumsahau.

Chama cha raga cha Wales nacho kilimkumbuka, kwa kuchelewa: msimu wa 1968-69 rais wake alikuwa Ivor Jones.